Kufuli la Staha

Shangazi Otilia aliponiambia, "Umeamkaje, mwanangu mzuri?" niliangusha sufuria ya maziwa.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Ila tangu nihamie kwake Ipogolo, baada ya kuacha shule darasa la tano, hakuwahi kuniita jina lingine zaidi ya Bubu. Wakati huo mdomo wake ulikuwa mzima, na wangu ndio haukutaka kufunguka mbele ya watu. "Bubu mwenye meno yote," alikuwa akisema. "Mungu kakupa mlango, wewe umeugeuza ukuta." Kisha kiharusi kikaja, kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na maneno yake. Tukawa nyumba ya mabubu wawili, mpaka wilaya ilipomkopesha koo.

Koo ni mkanda laini unaovaliwa shingoni. Mtu anapotaka kusema, mishipa ya shingo hutetemeka hata kama ulimi haunyanyuki. Koo linausikiliza mtetemo huo na kusema badala yake. La Shangazi walilitengenezea sauti kutokana na nyimbo alizoimba kwaya zamani, kwa hiyo lilisema kwa sauti yake mwenyewe, hata ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi lilikuwa nao.

Maziwa yalitambaa hadi mlangoni. Shangazi alinitazama, nyusi zimekutana kama mbuzi wawili wanaopigana.

"Usijali, kipenzi," likasema koo. "Kila mtu hukosea."

Chini ya kidevu chake taa ndogo ya kijani ikawaka.

Jicho lake la kushoto lilitanuka. Akajaribu tena, shingo ikakazana hadi mishipa ikasimama.

"Ningeshukuru sana kama mtu angenieleza kinachoendelea," koo likasema kwa upole. Kijani tena.

Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, vikombe vikaruka.

"Nawapenda nyote," likasema koo.

Nilishika kitambaa nikaanza kufuta maziwa, nikiwa nimeinamisha uso. Nilijua kinachoendelea. Lilikuwa kufuli la staha, na lilifungwa kwa dole gumba langu.

Sheria ilikuwa hivi. Mtu mwenye ulimi akitukana, watu husema ana hasira. Koo likitukana, wilaya husema lina hitilafu. Hitilafu moja ni doa. Madoa yakifika matatu, koo linazimika lenyewe na kurudishwa ghalani. Na makoo yalisikilizwa kila mahali pa umma. Kanisani, ofisini, hospitalini, juu darini palikuwa na sikio, kitu cheupe kama kisosi, ambalo kazi yake ya kwanza ni kusikia mtu akianguka au akiomba msaada, na kazi yake ya pili ni hiyo: huonya mara mbili, kisha huandika doa.

Shangazi alikwisha pata madoa mawili. La kwanza alilipata kanisani, alipomwambia mwalimu wa kwaya kwamba sauti yake ya tatu inaita fisi. La pili alilipata ofisi ya mtaa, alipomwambia mwenyekiti kwamba akili yake ni kama mgawo wa maji, inakuja wakati hakuna mwenye ndoo.

Ndipo akaja Baba mdogo Rainoldi, mdogo wake Shangazi, akaketi nami jikoni.

"Leokadia," aliniambia, "wewe ndiye unayeishi naye, wewe ndiye mdhamini. Dole lako ndilo linalofunga. Bora dada yangu mwenye adabu kuliko dada yangu asiye na sauti. Au umesahau ile miezi alivyokuwa anatazama ukuta?"

Sikuwa nimesahau. Shangazi alipovua koo ili lichajiwe, nikalibonyeza kufuli.

Tangu hapo koo lilimsafishia kila neno kabla halijatoka, na lilipomsafishia, ile taa ya kijani iliwaka ili wilaya ijue staha inafanya kazi. Kwa Shangazi Otilia iliwaka tangu asubuhi hadi anapolala. Alipolalamika, koo lilishukuru. Alipofoka, liliomba dua. Baba mdogo alikuwa akipita kumsalimia na kutoka anatabasamu: "Unaona? Amefurahi. Amesema mwenyewe."

Na mimi niseme kweli. Kila aliponiita mwanangu mzuri, nilijua si yeye, niliiona taa. Lakini nilikuwa nikipita karibu naye makusudi, ili niitwe tena.

*

Jumapili tulipanda gari la kamba linalopita angani kutoka Ipogolo kwenda mjini juu, kumwona Mzee Gaudensi Mgongolwa hospitalini. Ndani ya gari Shangazi alimwambia dereva aliyechelewa kufunga mlango, "Wewe ni hazina ya taifa." Dereva alifuta chozi.

Mzee Mgongolwa ni jirani yetu, ua kwa ua. Yeye ni Mhehe, sisi ni Wangoni. Wazee wa makabila haya walipigana hadi wakachoka, wakaamua kwamba badala yake watatukanana milele. Mtani hakuamkii. Hakusifii. Hakuhurumii. Ukifiwa anakuja kukucheka hadi ukumbuke kwamba wewe u hai bado. Na Shangazi na Mzee Mgongolwa walikuwa watani wanaojulikana mtaa mzima. Watu walisogeza viti walipowaona wamekutana.

Mzee alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi wa masista wanaopakana nasi. Paja lilivunjika, wakamuumbia mfupa mpya kwa mashine, na sasa mguu ulikuwa ndani ya fremu, umening'inia. Bintiye, Dada Yustina, alikuwa ameketi kando akimmenyea chungwa.

"Amekuja Mngoni!" Mzee alipaza sauti tulipotokea mlangoni. "Nesi, ficha uji! Ficha na mashuka! Hawa walitoka kusini mikono mitupu, na kila walipopita pakabaki patupu!"

Wodi ilicheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa amepasuliwa tumbo, akashika mshono wake, "Jamani, jamani, taratibu."

"Unaona nilivyo?" Mzee aliendelea. "Niliwachumia masista parachichi, ukarimu ukaniponza. Wewe ungechuma ukala hukohuko juu. Haya, sema. Nimekusubiri siku zote hizi."

Shangazi akavuta pumzi. Jicho lake la kushoto likawaka kama zamani. Nililiona tusi linapanda shingoni, tusi kubwa, lililoiva.

"Shikamoo, kaka," likasema koo.

 Tabasamu la Mzee lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Umesemaje?"

Shangazi akatikisa kichwa kwa nguvu, akajaribu tena.

"Nimesikitika mno kukuona katika hali hii. Wewe ni mtu mwema na mkarimu sana. Nakuombea Mungu akupe amani."

Taa iliwaka mara zote. Lakini Mzee hakuwa na miwani, na hata angekuwa nayo, nani alimweleza maana ya taa? Nilichokiona mimi ni midomo yake inapauka.

"Yustina," alisema polepole. "Daktari amekwambia nini?"

"Baba, amesema mfupa umeshika vizuri. Wiki hii utaanza kusimama."

"Usinidanganye. Siku ya msiba wa mama yako, huyu mwanamke alijilaza ndani ya jeneza kabla marehemu hajawekwa, akasema anapima kama godoro linafaa. Nilicheka siku niliyodhani sitacheka tena. Leo ananiita kaka. Ananiamkia!" Akageuza uso ukutani. "Mnanificha. Ninakufa."

"Baba!"

"Ondoa chungwa. Mtu anayekufa hali chungwa."

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na maneno yote nilikuwa nayo: ni kufuli, Mzee, nilifunga mimi. Yalifika kwenye meno yakarudi. Shangazi aligeuka akanitazama, na koo likasema, "Tumshukuru Mungu kwa kila jambo."

*

Siku chache baadaye Dada Yustina alikuja kwetu akiwa na kanga mbili begani, na macho yamevimba. Baba mdogo Rainoldi alikuwepo, anatengeneza bawaba ya mlango.

"Baba hali kitu," alisema Yustina kabla hajakaa. "Uji unakuja na toroli, toroli linasubiri, linajiondokea. Maji yenyewe anakunywa kwa kulazimishwa. Amemwita padri. Amegawa mbuzi. Redio ameniachia mimi, ile mbovu. Daktari anasema mfupa hauna neno, ila mwili hauwezi kupona kama mwenyewe amekwisha aga."

"Mwambieni ni kufuli," alisema Baba mdogo.

"Nimemwambia, baba. Amesema, 'Na kufuli hilo likafungwa wakati huuhuu mimi nimelazwa? Mnanionaje?' Nikamwambia nitamletea tusi la Mama Otilia limerekodiwa. Amesema tusi la kurekodi tutalipika wenyewe na daktari. Anasema binadamu wote wanaweza kudanganya, lakini mtani wake hawezi kumhurumia bure."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na dirisha. Alipiga kiti kwa mkono.

"Ni habari njema," likasema koo. Taa ikawaka. Shangazi akafumba macho.

"Lifungueni," Yustina alisema. "Nawaomba. Aje amtukane baba yangu mara moja tu."

"Pale wodini kuna sikio," alisema Baba mdogo.

"Lizimwe."

"Halizimwi, ndilo linaloita manesi mtu akizidiwa. Na mzee hawezi kutolewa, mguu umefungwa." Aliweka bisibisi chini. Si mtu mkali, Baba mdogo. Ndiye aliyezunguka ofisi zote za wilaya kuomba lile koo. "Yustina mwanangu, dada yangu ana madoa mawili. La tatu, anarudi kwenye ukimya. Nimrudishe huko kwa sababu Mhehe amesusa uji?"

 Yustina alikunja kanga moja, akaikunjua, akaaga. Baba mdogo naye akamalizia bawaba, akaondoka bila kunywa chai.

Nilibaki na Shangazi. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kufuli lifungwe nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni kabisa. Nilizunguka nyuma yake, nikamvua koo, nikaliweka juu ya kabati. Kisha nikakaa chini mbele yake, nikampa kiganja changu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiongea kabla ya koo. Alikuwa akichora herufi kwa kidole cha kushoto kiganjani mwangu, na mimi nilizisoma moja moja, polepole, kwa sababu kusoma kwangu ni kwa darasa la tano. Kiganja hakina taa.

Alichora: NANI KAFUNGA.

"Mimi," nilisema. "Baba mdogo aliogopa. Na mimi niliogopa."

Kidole kilisimama. Kisha kikachora neno moja refu, na nilipolimaliza nilitamani nisingejua kusoma hata kidogo.

ULINIULIZA?

"Hapana, Shangazi."

Alinifinya kiganja, sawasawa, hadi nikaruka. Kisha, bila kukiachia, akachora tena: FUNGUA.

"Wakilizima je? Hutakuwa na sauti kabisa. Mimi siwezi kukusemea mbele ya watu, unanijua."

HII SIYO SAUTI.

 Nilikuwa nikijiambia namhurumia yeye, na nilimhurumia kweli. Lakini ndani kabisa palikuwa na jambo lingine, dogo, la aibu. Nikilifungua, hakuna atakayeniita mwanangu tena. Nitarudi kuwa Bubu. Nadhani uso wangu ulionyesha kitu, kwa sababu Shangazi alinitazama muda mrefu, kisha akachora taratibu, kama mtu anayemwandikia mtoto:

YEYE ANAKUFA WEWE UNALIA NINI. SUKUMA KITI.

*

Nilimfungulia mlangoni mwa wodi. Nilibonyeza dole, koo likatoa mlio mfupi, na Shangazi akakohoa kwa sauti yake, kikohozi cha mtu anayekunja mikono ya shati.

Mzee Mgongolwa alikuwa amelala chali, rozari kifuani, macho yamefumbwa. Padri alikwisha kuja na kuondoka. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Yustina alituona, akasimama, akafunika mdomo kwa kanga.

"Mgongolwa!" Shangazi alisema. "Nani amekupa ruhusa ya kufa?"

Jicho moja likafunguka.

"Tazama kinavyolala. Kama mlenda uliomwagika. Nasikia umegawa mali. Mali gani? Wale mbuzi wenye kikohozi? Au ile redio inayoshika matangazo ya vifo tu?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua kichwa. "Eee," alisema, "leo ndiyo leo."

"Onyo," lilisema sikio kutoka darini, sauti laini ya kike. "Chombo kimetoa lugha isiyofaa."

"Na hicho kisosi kinyamaze, siongei nacho!" Shangazi hakuinua hata macho. "Wewe, Mhehe. Tangu ulazwe hapa, mbwa wa Ipogolo wamenenepa. Wanatembea barabarani mchana kweupe. Juzi nimewaona wanaamkiana!"

Kicheko kilianzia dirishani kikazunguka wodi nzima. Nesi aliyekuwa ameshika sindano alilazimika kuiweka chini. Nilimtazama Mzee. Jicho la pili lilikuwa limefunguka. Kwenye pembe ya mdomo wake kitu kilikuwa kinatikisika, lakini hakuwa amekubali bado. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayegonga sarafu ajue kama ni ya kweli.

"Onyo la pili," likasema sikio.

"Shangazi," nilinong'ona.

Hakunisikia, au alinisikia. "Haya, kufa," aliendelea. "Kufa uone. Nitakuja msibani kwako, nitakaa mbele, nitakula maini yote. Kisha nitasimama niwaambie watu ukweli wa huo mguu. Parachichi? Parachichi gani? Mimi nilikuwa uani kwangu, nikakuona kwa macho yangu haya. Ulikwea ule mti kama mtoto, unalia 'mama yangu, mama yangu,' kwa sababu ulikuwa unafukuzwa na..."

Taa ikawaka nyekundu. Koo lilitoa mlio mrefu unaoshuka, kisha likafa shingoni mwake.



"Unafukuzwa na nani?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. "Jamani! Na nani? Msiniue na mshono wangu!"

"Asiseme!" Mzee Mgongolwa alifoka. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Rozari ilikuwa imeanguka chini. "Ni uongo, asiseme!"

Shangazi alipeleka mkono shingoni, akaugusa mkanda. Niliona kitu kinapita usoni mwake, kama kivuli cha ndege. Kisha akanyoosha mkono huohuo kwangu, na mimi nikampa kiganja.

B. A. T. A.

"Ba," nilisoma. "Bata."

"Bata!" wodi ililipuka.

"Hakuwa bata!" alisema Mzee.

Kidole kiliendelea. M. Z. I. Nilipomaliza neno, niliinua uso, na watu wote walikuwa wananitazama mimi. Wagonjwa, nesi, Yustina, hata toroli la uji lilikuwa limesimama. Koo langu, lile nililozaliwa nalo, likakauka. Shangazi alichora neno la mwisho kwa nguvu hadi ukucha ukaniuma. PAZA.

"Bata mzinga!" nilipiga kelele. "Alikuwa anafukuzwa na bata mzinga wa masista!" Na kwa kuwa mlango ulikwisha funguka, kikatoka na kingine, "Na alikuwa jike!"

Hilo la mwisho Shangazi hakuliandika. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea.

"Jike!" Mzee Mgongolwa alikuwa ameketi wima, fremu inalia, nesi anamkimbilia. "Jike gani lenye ndevu vile? Lilikuwa kubwa kuliko mbuzi! Mngelikimbia wote! Yustina! Leta uji. Hapana, uji wa nini, lete ugali. Mtu hawezi kumjibu Mngoni tumbo tupu. Na huyu bubu naye leo amenitukana? Mnaona? Wanakua hivihivi, halafu ni Wangoni!"

Toroli lilisogea lenyewe kitandani kwake. Alikula bakuli la kwanza huku akinielekezea kijiko, na hakuna aliyeelewa alichokuwa anasema.

Shangazi alicheka. Kicheko hakikuhitaji koo. Kilitoka upande mmoja wa mdomo, kimepinda, na kilikuwa chake.

*

Afisa wa wilaya aliyekuja kulichukua koo aliitwa Bwana Kaijage. Alivaa suti ya rangi ya udongo, kola imekaza, na alikaa kwenye ncha ya kochi kama aliyeogopa kulichafua. Baba mdogo Rainoldi alikaa mkabala naye, ametazama sakafu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi," na hilo liliniuma zaidi.

Mzee Mgongolwa aliingia kwa magongo, Yustina nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyetukanwa?" aliuliza afisa.

"Ndiye mimi."

"Kwa utaratibu, doa la tatu linahitaji kauli yako. Ulitukanwa?"

"Vizuri sana."

"Unalalamika?"

"Ninalalamika, tena sana." Mzee aliketi, akanyoosha mguu. "Chombo chenu kiliniita kaka. Kikaniamkia. Kikaniombea amani. Nilikaribia kufa, muulize binti yangu, muulize daktari, muulize padri, nilikwisha ungama hata dhambi za jirani."

"Lakini hayo si matusi, mzee."

"Kwako. Ninyi huko kwenu Bukoba hamna watani?"

Bwana Kaijage alikohoa kidogo. "Tunao."

"Mtani wako anakuitaje?"

Afisa aliangalia mlango, akaangalia dirisha. "Kuna mmoja ananiita Senene," alisema kwa sauti ya chini.

"Siku akikuita Mheshimiwa, utalala?"

Kola ya Bwana Kaijage ilionekana kulegea kidogo. Aligeuzageuza koo mkononi. "Chombo hakiwezi kujua nani ni mtani wa nani," alisema. "Na mimi siwezi kufuta doa. Hilo linaamuliwa juu. Ninachoweza ni kuandika kwamba hitilafu ilikuwa kwenye staha, warudishe jibu, na wakati tunasubiri, chombo kibaki kwa majaribio. Lakini lazima mtu awajibike na kufuli. Mdhamini ni nani?"

Wote walinigeukia.  Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maziwa ya chai.

"Muulize mwenyewe," nilisema.

"Nani?"

"Mwenye shingo." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Kufuli liwe kwenye kidole chake. Akitaka kufunga, afunge. Asipotaka, asifunge."

Baba mdogo aliinua uso. Alimtazama dada yake, kisha akainuka, akalichukua lile koo mkononi mwa afisa na kumfunga Shangazi yeye mwenyewe, taratibu, akilisawazisha chini ya kidevu. Bwana Kaijage akaliwasha, akaweka kidole cha kushoto cha Shangazi juu ya kufuli likitambue. Mlio mfupi ukasikika.

 Mzee Mgongolwa alikuwa amejisogeza mbele, mikono juu ya magongo, macho yanang'aa. Afisa alijiandaa kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji.

Shangazi Otilia akainua kidole chake, akakitazama, na akafunga staha yeye mwenyewe.

"Karibu sana, Bwana afisa," likasema koo. "Suti yako imekupendeza mno."

Taa ya kijani iliwaka kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuiona. Mzee Mgongolwa alipaliwa. Yustina akampiga mgongoni huku naye akicheka hadi machozi, na Baba mdogo akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Amesema nini hasa?" aliuliza Bwana Kaijage, akiitazama suti yake. "Ningependa kujua."

"Hungependa," alisema Mzee. "Niamini mimi."

Shangazi aliwaacha wakicheka, akageuza kiti kwa mkono wake mzuri hadi akanielekea. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Shingo yake ilitetemeka kidogo sana.

"Keti sasa, mwanangu," likasema koo. "Umesimama tangu asubuhi."

Niliinama kutazama chini ya kidevu chake.

Taa ilikuwa imezimika.

Nikakaa, nimeikumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, isije ikaanguka tena.